Daftari Lisilo na Darasa

Juzi binti yangu alikuwa akitafuta karatasi za kuchorea, akaburuta lile boksi la chini ya kitanda. Akaja sebuleni na daftari jembamba, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma, rangi yake imeshapauka.

"Mama, huyu ni nani? Ameandika jina tu. Shule hakuna, darasa hakuna."

Mwandiko ni wangu. Nilimwambia nitamweleza baadaye. Naandika kwanza hapa, labda nitajua cha kumwambia.

Ilikuwa 2009, enzi zile za kushuka Posta ya Zamani, Dar es Salaam, kila asubuhi kabla ya saa mbili. Babu na mjukuu wake walikuwa wakikaa kwenye kivuli cha ukuta, hatua chache kutoka Kanisa la Azania Front. Babu alikuwa haoni. Mtoto, wa miaka tisa au kumi hivi, ndiye aliyemwongoza, ncha moja ya fimbo mkononi mwake, nyingine mkononi mwa babu. Nilikuwa nikiwapa mia mbili kila siku, na ilifika mahali nikawa naidai chenji kwa konda kwa ajili yao. Mtoto alinijua. "Shikamoo, dada," kabla hata sijafungua pochi.

Walitokea Dodoma, upande wa Kongwa. Babu alisema macho yalianza kumwasha tangu mdogo, kisha ukubwani kope zikageukia ndani. "Zilikuwa zinanikwangua kila nikipepesa," alisema, "mpaka kukawa giza." Vikope. Baadaye ndiyo nilikuja kusoma kwamba ugonjwa huo, trakoma, huenezwa na mikono, vitambaa na nzi wanaotua kwenye macho machafu ya watoto, na kwamba unazuilika kwa maji ya kunawa uso, kwa dawa, na kwa upasuaji mdogo wa kope kabla jicho halijaharibika. Ndoo ya maji tu, kule kwenye ukame. Huwa nafikiria mia mbili yangu ilivyokuwa imechelewa, miaka arobaini au zaidi.

Siku moja nilitoka kazini mapema nikawakuta wanahesabu. Mtoto alikuwa amepanga sarafu kwa mafungu, mia na mia, mia mbili na mia mbili, hamsini pembeni. Hakugusa moja moja. Aliangalia mafungu, akasema, "Babu, elfu nne mia tatu na hamsini." Nilihesabu nyuma yake kwa macho. Ilikuwa sahihi, na mimi nilimaliza baada yake.

"Unasoma darasa la ngapi?"

Alinitazama kama nimemuuliza habari za mtu mwingine. "Sisomi, dada."

Usiku ule sikulala vizuri. Ada ya shule ya msingi ilikuwa imefutwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hiyo kilichomzuia hakikuwa ada. Ilikuwa ni kazi. Mtoto yule alikuwa na kazi, na mmoja wa waliokuwa wakimlipa mshahara ni mimi.

Kesho yake nilinunua madaftari mawili na penseli. Nilichuchumaa mbele yao, nikamuuliza mtoto jina lake lote, nikaliandika kwenye majalada yote mawili. Nilipomaliza alilivuta moja karibu na uso. Akapitisha kidole kwenye herufi ya kwanza, akarudi, akapitisha tena.

"Ndiyo mimi huyu?"

"Ndiyo wewe."

"Yote haya?" Jina lake ni refu kidogo. Alicheka.

"Kuna nini hapo?" babu akauliza.

"Jina langu, babu. Dada ameniandika."

Babu akanyoosha mkono. Mtoto akamwekea daftari kwenye kiganja, akamshika kidole cha shahada, akakiweka juu ya maandishi. Babu akapapasa taratibu, kushoto kwenda kulia, kisha akapapasa jalada zima mpaka pembeni. Watu walikuwa wanatupita wakiwahi kazini. Kuna mtu alidondosha sarafu kwenye kopo, na kwa mara ya kwanza mtoto hakugeuka.

"Ni laini tu," babu akasema. "Silisikii."

Ndipo nikamweleza nilichokuja nacho: nitanunua sare, nitatafuta shule, mtoto asome. Babu alinyamaza. Akaichukua fimbo, akailaza mapajani, akaivuta mpaka ncha ile ya pili ikamfikia, pale ambapo mkono wa mtoto ulikuwa umeulainisha mti.

"Huku ni kwake," akasema. "Asubuhi akiwa shuleni, mwanangu, huku atashika nani?"

Sikuwa na jibu. Niliwaza pesa ya sare, nikawaza daftari, lakini babu mwenyewe sikuwa nimemuwaza. Niliaga, daftari moja nikamwachia mtoto. Sijui kwa nini la pili nilirudi nalo.

Yaliyofuata ni mafupi. Nilikwenda ofisi moja kuuliza msaada, nikaambiwa warudi kwao. Nikaamua kutowapa tena hela mpaka mtoto aende shule. Niliamini nikitoa namfunga pale pale. Kwa wiki mbili nilishukia kituo cha mbele. Siku ya mwisho mtoto aliniona kutoka ng'ambo ya barabara, akanyanyua daftari juu ili nilione. Nilimpungia, nikaendelea na safari. Wiki iliyofuata pale ukutani hapakuwa na mtu.

Kifungu cha 176 cha Kanuni ya Adhabu kinalifanya kuomba hadharani kuwa kosa, na mgambo wa jiji wana siku zao. Huenda walikamatwa. Huenda walihamia Kariakoo, au walirudi Kongwa. Mwaka 2016 Mkuu wa Mkoa alipoagiza ombaomba waondoke Dar es Salaam, nilisikiliza redio nikiwa jikoni nikapiga hesabu: atakuwa na miaka kumi na sita, kumi na saba.

Siku hizi, saa za shule, sipendi kumpa mtoto anayegonga kioo kwenye mataa. Mzee asiyeona nampa. Hivyo ndivyo nilivyojiwekea. Lakini mara nyingi mzee na mtoto wako pamoja, wameshika fimbo moja.

Jana usiku binti yangu aliuliza kama anaweza kulitumia lile daftari, kwa kuwa kurasa zote ni nyeupe. Nikamwambia asubiri. Asubuhi nimelikuta mezani, na penseli yake juu. Hajaandika kitu.