Sauti ipo, picha hakuna: tafuta kodeki kabla ya kusakinisha chochote

Umeburuta klipu hadi kwenye taimulaini, sauti inasikika vizuri, lakini picha ni nyeusi. Wengi hapo hukimbilia kupakua pakiti ya kodeki, yaani mkusanyiko wa programu ndogo za kubana na kufungua video. Naomba usianze na hilo. Programu za kuhariri video kama Premiere Pro na DaVinci Resolve hazitegemei kodeki za pakiti hizo, kwa hiyo unaweza kuisakinisha na mambo yakabaki vilevile. Ndiyo maana pia hoja ya “mbona VLC inaicheza?” haisaidii: VLC, programu ya kuchezea video, huja na dikoda (visomaji vya kodeki) zake yenyewe na haiazimi kwa mtu.

Programu za zamani za Windows zinazopitia DirectShow, mfumo wa Windows wa kucheza video, ndizo zinazoumia zaidi. Humo kila kichujio (kipande kinachosoma video) kimesajiliwa na kiwango chake cha kipaumbele, na chenye kiwango kikubwa ndicho hujaribiwa kwanza. Ukiweka pakiti mbili, zitagombania faili lilelile. Programu huzimika ukiingiza klipu tu, au picha hugeuka kijani. Ondoa pakiti zote, washa kompyuta upya, kisha sakinisha upya programu ya kuhariri. Kumbuka vilevile kwamba programu ya biti 64 haiwezi kutumia kodeki ya biti 32, hata kama imesakinishwa sawasawa.

Sasa faili lenyewe. MP4, MOV na MKV ni makasha tu; kubadilisha jina la mwisho wa faili hakugusi kilichomo. Fungua klipu kwa MediaInfo, programu ya bure, usome mambo manne: kodeki ya picha (AVC ndiyo H.264, HEVC ndiyo H.265), kina cha rangi kwa biti, mgawanyo wa rangi (4:2:0, au 4:2:2 inayohifadhi rangi zaidi), na kama kasi ya fremu (idadi ya picha kwa sekunde) ni thabiti au inabadilika.

Kama kodeki inakubalika ila kasha ndilo linalokataliwa, kwa mfano MKV iliyorekodiwa na OBS (programu ya kurekodi skrini), hamishia tu kilichomo kwenye kasha jingine kwa ffmpeg, programu ya bure inayoendeshwa kwa amri za maandishi:

ffmpeg -i klipu.mkv -c copy klipu.mp4

Kwa kawaida kazi hiyo huisha upesi na ubora haupungui hata chembe, kwa kuwa hakuna kinachosimbwa upya.

Video za simu zina tatizo jingine ambalo watu hulisingizia kodeki. Simu nyingi hurekodi kwa kasi ya fremu inayobadilika, hasa mwanga ukipungua. Mwanzoni midomo na sauti vinakwenda pamoja, lakini kadiri klipu inavyosonga sauti inaachana na picha. Dawa yake na ya HEVC inayokwama ni moja, yaani kuibadilisha iwe faili la kati la kuhaririwa, kubwa zaidi lakini jepesi kwa kompyuta kusoma, hapa kwa kodeki ya DNxHR:

ffmpeg -i klipu.mp4 -vf fps=30 -c:v dnxhd -profile:v dnxhr_sq -pix_fmt yuv422p -c:a pcm_s16le klipu_hariri.mov

Ukirekodi kwa fremu 30, acha 30. Kuishusha hadi 25 huleta mikatiko kwenye mwendo. Klipu ya biti 10 itumie dnxhr_hqx pamoja na yuv422p10le, la sivyo unatupa rangi ulizorekodi.

Andaa diski. Kwa 1080p ya fremu 30, dnxhr_sq hula takriban GB 1.1 kwa dakika, na dnxhr_hq, yenye ubora wa juu zaidi, takriban GB 1.6. Diski ikiwa ndogo, dnxhr_lb, yenye ubora wa chini, hutosha kwa kukata na kupanga, kisha unaielekeza programu kwenye faili asilia wakati wa kutoa kazi ya mwisho.

Kwa kamera zinazorekodi H.264 ya biti 10, 4:2:2, usiilaumu programu kwa kukwama. Kadi nyingi za picha hazina dikoda ya aina hiyo, mzigo wote unaangukia kichakataji. Nvidia waliiongeza kwenye mfululizo wa RTX 50. Picha ikiwa na madoa au mistari, zima kwanza usimbuaji (ufunguaji wa video) wa kadi ya picha kwenye mipangilio ya programu, uifungue upya. Madoa yakitoweka, sasisha draiva. Faili lako ni zima.

Usiliite faili jipya kwa jina la lile la zamani. Premiere huhifadhi kumbukumbu za klipu kwenye folda ya Media Cache, na inaweza kuendelea kusoma taarifa za faili lililokwisha kubadilishwa. Ukiwa umeshaliita kwa jina lilelile, funga programu, futa yaliyomo kwenye folda hiyo, kisha ingiza klipu upya.