Siku Anti Alipoulizwa

Mpwa wangu Junior alipotimiza miaka mitatu, maneno aliyoyatamka vizuri kuliko yote yalikuwa ya makanga. "Beba beba, tao mbao! Beba beba, tao mbao!" Yaani mjini kwa shilingi ishirini. Hakusema mama. Hakusema maji. Lakini ukipanda ngazi asubuhi kwenda kwa dada yangu kule mtaa wa Umoja, Nairobi, ungeapa kuna matatu ya njia ya 35/60 inajaza abiria sebuleni. Sauti ni ile ile, mkwaruzo wa koo ni ule ule, na mwishoni anagonga mlango mara mbili ili dereva aondoe gari.

Kila mtu alikuwa na lake. Nyanya yake wa upande wa baba alisema wavulana huchelewa, hata baba yake alinyamaza hadi akakaribia miaka minne. Jirani wa chini alisema ulimi umefungwa na kwamba anamjua mtu wa kuukata. Mhubiri mmoja alisema ni mapepo, akataka mtoto aletwe kwenye kesha. Wenzake dada kazini walilaumu katuni. Na wapo waliosema, kwa sauti ya kutosha kumfikia, kwamba ndivyo inavyokuwa mama akimwachia mtoto mfanyakazi angali mchanga. Sheria ya ajira ya Kenya humpa mama miezi mitatu ya likizo. Dada yangu aliimaliza akarudi kazini, kama wanavyorudi maelfu ya akina mama wa mji huu wenye kodi ya nyumba ya kulipa.

Hilo la mwisho lilimuumiza kuliko la mapepo. Mimi usiku nilikuwa nasoma, na niligundua kwamba lawama ile ni ya zamani sana. Leo Kanner, daktari wa magonjwa ya akili ya watoto kule Baltimore, Marekani, aliandika mwaka 1943 kuhusu watoto 11 wenye hali tunayoiita leo usonji, au autism kwa Kiingereza. Aliwatazama kwa makini ya ajabu, lakini akaandika pia kuwa wazazi wao wengi hawakuwa wachangamfu. Wengine waliokuja baadaye wakalishika neno hilo wakalikuza, hadi kwa miaka mingi mama wa mtoto mwenye usonji akahesabiwa kuwa ndiye chanzo cha ugonjwa. Mwaka 1969 Kanner mwenyewe alisimama mbele ya mkutano wa wazazi Marekani akawatangazia kuwa hawana hatia. Mwaka 1977 watafiti Susan Folstein na Michael Rutter wakachapisha utafiti wa mapacha uliodhihirisha kwamba urithi una nafasi kubwa katika hali hii. Nilimweleza dada yangu yote hayo. Alinisikiliza, akaniuliza kama nimekula.

Nafasi ya kliniki tuliipata Mei 2017. Mgomo wa madaktari ulikuwa umeanza Desemba 2016 ukadumu siku 100, na ulipoisha katikati ya Machi, foleni iliyobaki katika hospitali za umma haikuwa ya kuisha leo wala kesho. Masikio yalikuwa yameshapimwa. Mtoto asiyeongea hupimwa masikio kwanza kabla ya kutajiwa jambo jingine lolote, na ya Junior yalikuwa mazima.

Shemeji yangu alikuwa njiani na lori la mizigo, upande wa Malaba, kwa hiyo tulikwenda mimi, dada, Junior na Anti. Anti, mfanyakazi wa nyumbani kwa dada, ndiye aliyemlea Junior tangu likizo ile ya uzazi ilipoisha. Alitoka Kitui, binti mkubwa kwao, na kabla ya kuja Nairobi alikuwa ameshawabeba mgongoni wadogo zake wote. Tulimchukua kwa sababu moja tu: hakuna mwingine aliyeweza kumpitisha Junior katikati ya mji bila kilio. Pale stendi aliziacha matatu kadhaa zipite. Alikuwa akiinama kwanza, anasikiliza muziki ulivyo ndani, anatikisa kichwa, tunasubiri nyingine.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye Kiswahili cha taratibu. Chumba kilikuwa kidogo. Meza, viti vichache, boksi la vitu vya kuchezea, na benchi karibu na mlango ambapo Anti alijiketisha na mkoba wa nguo za mtoto mapajani, kama anayesubiri kutumwa.

"Hapa hakuna damu ya kutoa wala picha ya kichwa itakayotuambia," daktari alisema. "Kazi yangu ni kuangalia na kuuliza."

Alianza na kitabu cha kliniki. Kurasa za chanjo zilikuwa zimejaa mihuri, mstari wa uzito ulikuwa umepanda vizuri mwezi kwa mwezi. Ukurasa wa hatua za ukuaji, ule wa lini mtoto alitabasamu, lini aligeukia sauti, lini alianza kuongea, ulikuwa mweupe. Nadhani alikuwa ameshauona ukurasa mtupu kama huo mara nyingi. Hakusema neno, akaufunga.

"Akitaka kitu asichoweza kukifikia, hufanyaje?"

Dada yangu alifungua mdomo, akaufunga. Hutoka nyumbani kabla ya alfajiri, na jioni msongamano wa Jogoo Road humfikisha nyumbani Junior akiwa ameshalala.

"Hunishika hapa." Sauti ilitoka kwenye benchi. Anti alikuwa ameinua mkono wa kushoto na kuonyesha kifundo chake. "Ananivuta hadi kwenye kitu, anaweka mkono wangu juu yake. Mimi haniangalii. Anaangalia mkono."

Daktari aliweka kalamu chini, akageuza kiti chake. "Njoo ukae hapa karibu nami, mama."

Anti alimtazama dada yangu kwanza. Dada akaitikia kwa kichwa.

"Huwa ananyoosha kidole?"

"Hapana, daktari. Hata ndege ikipita. Watoto wa ploti wote watapiga kelele, ndege, ndege, wanaonyesha, halafu wanageuka kukuangalia kama umeiona. Yeye anaziba masikio, tena anaziba kabla sisi hatujaisikia."

Hapo daktari alitueleza jambo ambalo sijalisahau. Mtoto ana vidole viwili vya kuonyesha ndani ya kidole kimoja. Kuna kidole cha kuomba: nipe kile. Na kuna kidole cha kushirikisha: tazama, umeona nilichokiona? Hiki cha pili hakiombi chochote. Hutafuta macho ya mwenzake tu. Watoto wengi huwa nacho kabla ya kufikisha mwaka mmoja na nusu, na kikikosekana kabisa, pamoja na mambo mengine, mtu anayejua hushtuka mapema, maneno yangali mbali.

"Ukimwita jina?"

"Hageuki. Ukifungua peremende kule chumbani, huyo amefika."

Yaliendelea hivyo. Analala vipi? Anaamka saa nane usiku, anacheka peke yake, halali tena. Amewahi kupata degedege au kifafa? Hajawahi. Anacheza vipi? Anapanga vizibo vya soda ukutani kwa rangi, na ukisogeza kimoja ukampa mgongo, anajua. Chakula? Wali mweupe, usiguse mchuzi. Nguo? Zenye lebo shingoni anazivua, kwa hiyo Anti alikuwa amezikata lebo zote kwa wembe. Dada yangu aliinua kola ya shati la Junior pale pale kitini, akapapasa mahali lebo ilipokuwa. Hakuwa amejua.

Kisha: "Kuna maneno aliyokuwa nayo yakapotea?"

"Hapana," alisema dada yangu. "Hajawahi kuongea."

Anti alikaa kimya kidogo. "Yalikuwepo, Mama Junior. Alikuwa akisema tai akitaka chai. Na akimwona paka wa jirani alisema pata. Alipopita mwaka na nusu hivi, akaacha. Nilingoja yarudi ndiyo nikwambie, maana nilijua utalia."

Dada alilia kweli, na Anti naye. Daktari aliwapa muda wao. Baadaye alieleza kwamba sehemu ya watoto wenye usonji hupoteza maneno waliyoanza nayo, mara nyingi katika mwaka wa pili, na kwamba habari hiyo ni nzito kwake kuliko karatasi nyingine yoyote tuliyomletea.

Nitasema ninachoamini. Nairobi hii inalelewa na wanawake kama Anti. Wao ndio wanaojua mtoto aligeuka lini alipoitwa na lini aliacha kugeuka. Lakini akipelekwa hospitali wao hubaki nyumbani kufua, na wakija huketi mlangoni. Tunatafuta dalili kila mahali isipokuwa kwa mtu anayeishi nazo kutwa. Hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu miezi ya mtoto mdogo ni ya thamani, na mafunzo yakianza mapema humsaidia zaidi.

Daktari alichukua kichupa cha povu la sabuni, akapuliza. Mapovu yakapanda juu ya meza na Junior akacheka kwa furaha ambayo hata pale kliniki iliambukiza. Yalipopasuka yote, daktari alitulia makusudi, kichupa mkononi, akimtazama usoni. Junior hakuutazama uso huo. Alimshika daktari kifundo cha mkono, akausukuma mkono kuelekea mdomo wa kichupa.

"Umeona?" Anti alisema, na daktari akajibu, "Nimeona."

Halafu Junior akachoka. Alikwenda mlangoni, akaupiga kwa kiganja mara mbili. "Beba beba, tao mbao!" Dada yangu alianza kumwombea radhi, lakini daktari alikuwa ameshamgeukia Anti.

"Haya huyasema wakati gani?"

"Akitaka kutoka. Mahali pakimchosha."

"Basi anaongea," daktari alisema.

Alitwambia kwamba zamani wataalamu waliuita mwangwi huu, yaani mtoto kurudia maneno aliyoyasikia, kelele zisizo na maana na wakajaribu kuuzima. Mnamo miaka ya 1980 Barry Prizant, mtaalamu wa matamshi na lugha, na wenzake kule Marekani waliwasikiliza watoto hao kwa makini wakaona mwangwi una kazi: kuomba, kukataa, kujituliza. Mtoto huokota sentensi nzima aliyoisikia mahali fulani akaitumia kwa jambo linalofanana na hapo. Junior aliisikia pale gari linapoondoka, kwa hiyo kwake ilikuwa na maana ya kuondoka. Tulielekezwa tusimkemee wala tusimcheke, bali tumjibu kwa maneno ambayo angeyatumia kama angekuwa nayo: nataka kutoka, twende nje.

Jina la hali yenyewe alilitaja mwishoni, baada ya kutuonyesha kwa nini si jingine. Kama yangekuwa masikio, peremende isingesikika chumbani. Kama ingekuwa lugha tu imechelewa, mtoto wa namna hiyo hujitafutia njia: hunyoosha kidole, huigiza, hukuvuta huku akikutazama machoni. Kama ingekuwa akili yote imechelewa sawasawa, asingejua ni kizibo kipi kati ya vyote kimesogezwa. Alisema pia kwamba hali hizi huweza kuambatana, na kwamba angemfuatilia, hasa kuhusu kifafa na usingizi.

"Ni usonji," alisema.

"Ni kwa sababu nilirudi kazini?" dada yangu aliuliza.

"Hapana."

Hakuongeza kitu. Nilikuwa nimemsomea dada miaka na majina usiku kucha, na neno hilo moja, kutoka kwa mtu aliyekuwa ametoka kuvutwa mkono na mtoto wake, likafanya nilichoshindwa kufanya. Aliegemea kiti. Akaanza kuuliza maswali ya kazi: mafunzo ya matamshi ni wapi, ni mara ngapi, picha za kumwonyesha ratiba ya siku zinachorwaje. Daktari alimjibu moja baada ya jingine, tena bila kumwahidi dawa ya kuponya, kwa sababu haipo. Alituandikia pia barua ya kwenda kituo cha serikali cha kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu, kimojawapo cha vile vilivyoanzishwa nchini mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, ili Junior apangiwe shule.

Ripoti ilikuwa tayari baada ya majuma kadhaa. Dada aliisoma akiwa amesimama kwenye kibaraza cha hospitali, na vizibo vilikuwemo, ndege, peremende, tai na pata, lebo za shati. Juu kabisa palikuwa pameandikwa: Taarifa zimetolewa na mama mzazi.

Akarudi nayo ndani. Daktari hakubisha hata kidogo. Alikata maneno hayo kwa kalamu, akaandika mlezi, akamwomba Anti majina yake kamili. Anti aliyataja matatu, la katikati akalitaja herufi kwa herufi kwa sababu watu wa Nairobi hulikosea. Daktari akatia sahihi pembeni.

Ripoti hiyo ndiyo tuliyoipeleka kituoni. Mwalimu aliyeipokea aliisoma hadi mwisho, akarudi ukurasa wa kwanza, akatutazama mimi na dada yangu.

"Na huyu mlezi," aliuliza, "mmekuja naye?"