Alidhani Nimeshapata Dada

Tangu Jumanne jioni moyo wangu haujatulia. Wiki hii shangazi amefanyiwa upasuaji kule Tanga na ametoka salama, nami nimemaliza mtihani wa takwimu niliouhofia sana, lakini kila nikifumba macho namwona binti mmoja akivua sweta mbele yangu pale maktabani.

Ni mmoja wa wanachama wapya wa sororiti yetu, yaani chama cha udada cha wanafunzi wa kike hapa chuoni, wale niliokabidhiwa kuwalea hadi siku ya kiapo. Kifuani mwa sweta zilishonwa kwa uzi wa dhahabu herufi zetu za Kigiriki, zile ambazo ndizo jina la chama. Nilimwita pembeni, nikamwambia kwa upole nilioudhani unatosha, "Mdogo wangu, herufi hizi huvaliwa baada ya kuapishwa." Hakubisha. Aliivua, akaigeuza ndani nje ili herufi zisionekane, akaikunja taratibu, kisha akasema, "Amenitumia mama. Alidhani nimeshapata dada."

Nimeshapata dada. Nimetafuta jibu ambalo ningempa, na hadi usiku huu sijalipata.

Nimekulia mahali ambapo mambo ya unyago hayasemwi mbele ya msichana asiyechezwa, kwa hiyo kanuni hii sikuiona ngeni hata siku moja. Najua pia kwamba sororiti za Wamarekani Weusi, kama Alpha Kappa Alpha iliyoanzishwa Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1908, huzilinda herufi zao hadi binti aapishwe, na msimamo huo nauheshimu kwa dhati.

Nilianza kuandika nikiwa na aibu; sasa naona nina hasira. Sisi tulimwita dada siku ileile alipokubali mwaliko wa kujiunga, tukamkumbatia, tukapiga naye picha akiwa katikati yetu, halafu wiki tatu baadaye nikamvua nguo aliyotumiwa na mama yake. Miongoni mwa vyama 26 vya National Panhellenic Conference, muungano wa sororiti, vipo vinavyomruhusu mwanachama mpya kuvaa herufi tangu mwanzo, huku beji na nembo zikisubiri kiapo. Huo ndio utaratibu nitakaouomba kikaoni Jumapili, hata kama nitasimama peke yangu, kwa sababu neno dada tumekwisha kulitoa na hatuwezi kulirudisha.

Leo asubuhi theluji ya kwanza imeanguka. Nilimwona kwa mbali akivuka uwanja amevaa fulana tu, amejikunyata, na sijui kama ana nguo nyingine ya baridi.