Foleni Haina Habari na Toleo Jipya

Leo tumepandisha toleo jipya la programu yetu mchana kweupe. Upande wa tovuti hauninyimi usingizi: skripti inavuta msimbo, inageuza kiungo kielekee folda mpya, seva inawaka upya, basi. Ninaowawazia ni woka, programu za nyuma ya pazia zinazochukua kazi kwenye foleni, zikatuma barua pepe na kuandaa ripoti bila mtumiaji kuziona.

Woka akishawaka, msimbo wake uko kwenye kumbukumbu. Geuza folda utakavyo, yeye ataendelea na mambo ya jana hadi azimwe, na kumzima kuna adabu yake. Kwa Sidekiq, mfumo tunaoutumia kuendesha woka, skripti yetu hutuma ishara ya TSTP mwanzoni kabisa: woka anaacha kuchukua kazi mpya, anamalizia alizoshika. TERM, ishara ya kumtaka azime, huja mwishoni. Hapo ana sekunde 25. Asipomaliza, kazi inarudishwa Redis, hifadhidata inayotunza foleni, ianze upya. (Wengi hutuma TERM peke yake, kisha lawama zote kwa foleni.)

Ila juu ya woka kuna msimamizi, programu inayomwasha na kumzima, mwenye saa yake. Supervisor, usipogusa mipangilio, husubiri sekunde 10 tu kisha hutuma KILL, ambayo haina mjadala. Wasimamizi wengine: Kubernetes husubiri 30, systemd kwa kawaida 90. Kwa hizo 10, Sidekiq huenda asiwahi kurudisha kitu, na kazi ikapotea kimya kimya. Kwa hiyo namba ya msimamizi lazima izidi ya woka. Na kwa kuwa kazi iliyorudishwa huanza mwanzo, ile ya kutuma risiti hutazama kwanza safu ya muda wa kutumwa kwenye hifadhidata. Ikikuta imejazwa, inaondoka zake.

Leo hasa, kazi hiyo ya risiti imeongezewa kigezo (taarifa ambayo kazi hupewa ili ifanyike) cha tatu, lugha. Zilizokuwa foleni tayari zilibeba viwili. Tungekifanya cha lazima, zote zingeanguka kwa woka wapya, na Sidekiq angezijaribu tena na tena, hadi mara 25, kwa karibu wiki tatu. Tumekipa thamani ya kuanzia, inayotumika kisipotajwa, za zamani zikapita bila kelele.

Thamani hiyo naiondoa toleo lijalo, orodha ya kazi zinazongoja kujaribiwa tena ikishaisha zile zenye vigezo viwili. Jioni hii bado zimo chache, zote za anwani za barua pepe zilizokosewa.