Kutu Hufuata Njia ya Maji

Siku hizi nashughulika na mchoro mmoja wa lango la chuma la Mji wa Kale, na sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kutu. Mchoro ni wa vifaa mchanganyiko: rangi za akriliki, karatasi, mchanga na unga wa chuma, vyote juu ya ubao wa plaiwudi. Kadiri ninavyoendelea nazidi kuamini kwamba anayetaka kuchora kutu sharti kwanza ajue maji yaliingilia wapi, yakatuama wapi na yakatokea wapi, kwa sababu rangi ya kahawia iliyotapakazwa kila mahali kwa sifongo haidanganyi jicho la mtu aliyekulia Mombasa.

Sisi wa pwani tunaijua kutu vizuri. Chuma huliwa kinapokutana na maji na oksijeni ya hewani, na chumvi huharakisha kazi hiyo kwa kuwa maji ya chumvi hupitisha umeme kwa wepesi kuliko maji matamu. Ndiyo maana bawaba, kufuli na vyuma vya madirisha vinavyoelekea baharini huchakaa mapema.

Mezani pangu nimeweka kipande cha bati kuukuu la paa. Bati la namna hii hupakwa zinki kiwandani, na zinki ndiyo huliwa kwanza, ikaacha unga mweupe unaofutika kwa kidole. Chuma kilicho chini huanza kuwa chekundu pale tu kinga hiyo inapokwisha. Kuzunguka tundu la msumari pana duara la kahawia iliyokolea, karibu nyeusi, lenye magamba yanayobanduka kwa ukucha. Nje ya duara hilo rangi inageuka ya chungwa, kavu na ya unga, kisha kutoka ukingo wa chini wa tundu unateremka mchirizi wa manjano hafifu, mwembamba, unaopinda kidogo pale ulipokutana na mkunjo wa bati. Mchirizi ule ni historia ya mvua, na mchoraji akiuelekeza kando badala ya chini ameharibu kila kitu.

Kwa hiyo napaka kwa mpangilio ule ule: kijivu cha bati, weupe wa zinki, kahawia iliyokolea penye misumari na maungio, halafu chungwa, na mwisho manjano iliyozimuliwa kwa maji mengi na kuachwa iteremke yenyewe huku ubao umesimamishwa wima. Rangi ninayoitegemea zaidi ni ile iitwayo sienna iliyochomwa, iliyopata jina lake kwa mji wa Siena nchini Italia. Asili yake ni udongo wa manjano wenye oksaidi ya chuma, na unapochomwa maji yaliyoshikamana na oksaidi hiyo hutoka, ukageuka mwekundu. Kwa kweli, basi, hata kutu ya brashi ni ndugu wa damu wa kutu ya langoni.

Hata hivyo, kwenye bawaba za lango nimetaka kutu yenyewe. Fundi mmoja wa milango ya chuma huku Majengo huniwekea chenga zinazodondoka anapopiga tupa. “Mwanangu, chukua hizi za tupa, za grinda zina mawe ndani yake,” aliniambia, naye alisema kweli, kwani jiwe la grinda humomonyoka pamoja na chuma. Naziosha kwa sabuni ili mafuta yatoke, nazikausha upesi, nazichanganya na gundi ya akriliki isiyo na rangi, kisha napaka. Gundi ikikauka napitisha msasa, maana chuma kilichofunikwa kabisa na gundi hakitashika kutu hata kikimwagiwa bahari nzima. Baadaye nanyunyizia siki iliyotiwa chumvi, na mwisho haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya kusafishia vidonda inayouzwa madukani mwa dawa. Madirisha yawe wazi, na siki na peroksaidi zisichanganywe kabisa katika chupa na kufungiwa, kwa sababu zikikutana hutoa asidi inayounguza na kuwasha kuliko siki yenyewe.

Mchanga nao una masharti yake. Mchanga wetu wa ufukweni una chembe nyingi za matumbawe na makombe, ambazo ni chokaa, na siki ikizigusa hutoa povu na kupoteza ukali wake kabla haijafika kwenye chuma. Kwa hiyo penye kutu ya kweli natumia mchanga wa mto. Wapo wanaotumia unga wa mdalasini kupata ule mkwaruzo na rangi yake. Unapendeza, lakini kwa unyevunyevu wa hapa sipendi kuweka chakula ndani ya picha.

Jambo linalonishughulisha zaidi ni kuisimamisha kutu hiyo. Chumvi inayobaki huvuta unyevu hewani na kuendeleza kazi, na chuma kinachooza hudhoofisha pamba na karatasi, kama ajuavyo kila mwenye kanzu iliyotoboka penye doa la kutu. Ndiyo sababu sikuipaka kwenye turubai, na karatasi zangu nimezitenga na bawaba kwa matabaka mawili ya akriliki. Kutu ikifika rangi niitakayo naisuuza kwa maji matamu, naiacha ikauke kabisa, kisha napaka vanishi mbele, nyuma na kingoni. Bawaba ya chini peke yake nimeamua kutoipaka vanishi, iendelee kubadilika. Atakayeinunua picha nitamweleza hivyo kabla hajalipa, na nyuma ya ubao nitaandika kwamba isitundikwe jirani na jiko wala bafu.