Utando mwekundu wa Mabogini

Nilipofika, bomba la mgongoni lilikuwa limeshajazwa dawa. Baba Mdogo alikuwa ameliegemeza kwenye mgomba, hatua chache kutoka bwawa lake la perege kule Mabogini, akisubiri upepo utulie jioni ile apulizie.

"Shikamoo Baba Mdogo."

"Marahaba mwanangu. Umekuja wakati mzuri, utanishikia tochi."

Bwawa lilikuwa limefunikwa ukingo hadi ukingo. Ilikuwa Julai, baridi ya Moshi imekaza, na utando ule ulikuwa mwekundu kama ini upande wa jua, kijani upande wa kivuli. Kwa wiki mbili perege walikuwa wakipanda juu kila alfajiri na kutweta kwenye vipenyo vilivyobaki. Watatu walikuwa wameshaelea. Jirani alisema ni gugu maji, lile lile la Ziwa Victoria, na muuza pembejeo mmoja mjini akauza dawa ya magugu bila hata kuomba aone jani.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nasoma viumbe vya majini, na shingoni nilining'iniza lenzi ya kukuza mara 10. Kwamba si gugu maji niliona hata kabla ya kuinama. Gugu maji lina vikonyo vilivyovimba kama sponji na ua la zambarau. Hapa hapakuwa na mmea uliozidi ukucha wa kidole gumba. Nilichokiogopa ni salvinia, mmea wa Brazil unaoelea, uliowahi kutanda kwenye maziwa ya Naivasha na Kariba. Hiyo ikiingia kwenye mifereji ya skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, inayopata maji ya Njoro na Rau, tungekuwa tunaongelea mpunga wa watu wote, si bwawa la mtu mmoja.

Nikapiga magoti, nikachota kiganja. Salvinia ina majani mawili yanayoelea na la tatu linaloning'inia majini kama ndevu, na juu ya jani kuna vinywele vinavyogawanyika kisha kukutana tena nchani, kama kizimba kidogo. Nilivitafuta vinywele hivyo hadi jicho likauma. Havikuwepo. Niliona vijani vidogo mno vimelaliana kama magamba, na chini yake vimizizi vimening'inia, kila kimoja peke yake kama uzi wa kushonea. Nilipoukandamiza mmea ndani ya maji uliibuka mkavu. Azola, kangaga mdogo wa majini anayeelea.

"Naomba usiku huu mmoja usipulizie," nikamwambia.

"Na samaki wangu nao wangoje?"

Swali lake lilikuwa la haki. Nikamweleza kwamba utando unazuia hewa na mwanga, lakini ukiuawa wote kwa siku moja utazama na kuoza, na uozo utamaliza oksijeni ile kidogo iliyobaki. Alinisikiliza kwa adabu. Hakushawishika.

Nikaenda kuazima hadubini kwa mwalimu wa baiolojia aliyekuwa akiishi barabara ya pili. Tuliiweka kwenye meza ya kulia chakula. Niliponda kijani kimoja juu ya kioo, nikakisogeza mpaka nikaipata niliyokuwa naitafuta: anabena, bakteria wanaoishi ndani ya jani la azola, shanga za kijani-bluu zimetungwa mstari, na kila baada ya shanga kadhaa moja kubwa, iliyopauka. Humo kwenye shanga kubwa ndimo naitrojeni ya hewani inapogeuzwa kuwa mbolea. Baba Mdogo, ambaye alikuwa akinunua urea kila msimu, aliinamia hadubini muda mrefu bila kusema neno.

Kisha akashtuka. "Kuna kitu kinapita."

Ilikuwa diatomu, mwani wa seli moja. Kimashua cha rangi ya asali, ncha mbili zimechongoka, kinateleza taratibu bila kasia wala mkia. Nikamwambia gamba lake ni silika, jamii moja na kioo, ndiyo maana haliozi kirahisi. Kule Ziwa Chala magamba hayo hutua chini tabaka kwa tabaka, mengi yakitokana na miezi ya baridi na upepo, na mwaka 2016 wachimbaji walitoa zaidi ya mita 200 za tope ili kusoma ndani yake hali ya hewa ya zamani. Hili la uchimbaji nililijua miaka mingi baadaye. Usiku ule nilimweleza gamba tu, naye akaomba aangalie tena.

Alfajiri tulikokota vyandarua viwili vya zamani kutoka ukingo hadi ukingo. Bata walianza kula kabla hatujamaliza kutua mzigo wa kwanza, uliobaki tukaupeleka kwenye migomba. Nilipozunguka bwawa nikaona chanzo: banda la nguruwe liko juu, na maji yake ya kuoshea yanateremka moja kwa moja. Azola haina shida ya naitrojeni. Fosforasi ndiyo inayoipa kasi, na pale ililetewa kila siku. Tukachimba mfereji kugeuza maji hayo yaende migombani. Dawa ya kwenye bomba aliipuliza kwenye ndago za shamba la juu, mbali na maji.

Asubuhi ya tatu tulienda bwawani kabla ya jua. Hakuna perege aliyekuwa juu. Baba Mdogo akarusha pumba konzi moja, na maji yakachemka.