Nyasi za Lugalo

Ofisi yetu ilikuwa nyumba ya kupanga Gangilonga, mjini Iringa, na kazi yangu ilikuwa kusimamia efekti za picha, yaani vitu vinavyoongezwa kwenye picha kwa kompyuta, za filamu kubwa kuhusu vita vya Lugalo vya tarehe 17 Agosti 1891, pale Wahehe wa Mkwawa walipokiangamiza kikosi cha Wajerumani cha Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimwita Nyundo. Mimi sichori wala sirendi, yaani siiamuru kompyuta itoe picha iliyokamilika. Kazi yangu ni kujua kila shoti, yaani kila kipande cha picha kisichokatwa, iko kwa nani, ni toleo la ngapi, inasubiri nini, na nani atakaa bure kesho isipofika. Wapo wanaoiona kazi hii kuwa ya ukarani. Siwaungi mkono hata kidogo. Filamu yenye mamia ya shoti zinazopita kwa watu walio Iringa, Dar es Salaam, Nairobi na India hufa mapema sana mpangilio wake ukifa.

Shoti iliyobeba bajeti kuliko zote ilikuwa ya umati. Masimulizi ya vita yanataja wapiganaji wapatao 3,000, na waigizaji tuliokuwa nao uwandani walikuwa sehemu ndogo tu ya idadi hiyo, kwa hiyo waliobaki walitengenezwa kwa kompyuta. Michoro ya awali iliwaonyesha wametokea juu ya kilima, wamesimama safu kwa safu, mikuki juu, anga jeupe nyuma yao. Picha ilipendeza kweli, na mtayarishaji alikwisha kuipigia hesabu ya bango.

Mwongozaji alikuwa na desturi moja niliyoiheshimu sana: kabla ya kukubali kitu chochote kinachohusu vita, alialika wazee wakitazame. Toleo la kwanza la umati lilipokamilika akaja mzee mmoja kutoka Kalenga. Tukasalimiana kamwene, salamu ya Kihehe, akaketi mbele ya skrini, tukamwonyesha. Akaomba irudiwe. Ikarudiwa.

"Hawa wamesimama wanangoja nini?" akauliza.

"Wanangoja amri, mzee wangu," mwongozaji akamjibu.

"Basi Nyundo amekwisha kuwaona. Angewaona kutoka huko mbali angepanga bunduki zake, na leo tusingekuwa na cha kusimulia. Babu alituambia walilala kwenye nyasi. Walilala mpaka msafara ukawakaribia kabisa, ndipo wakainuka."

Hakuna aliyebisha. Hata maandishi ya historia yanasema ni shambulio la kuvizia lililokwisha kwa muda mfupi mno. Mwongozaji akazima skrini, na watu wote chumbani wakanigeukia mimi.

Katika kazi hii badiliko halipimwi kwa ukubwa wake. Linapimwa kwa mahali linapoingilia. Ni kama mfereji wa mashamba ya mpunga kule Mbarali: ukiuziba juu, majaruba yote ya chini yanakauka, ukiuziba chini, ni la mwisho tu linalokosa maji. Kwa hiyo nilichukua karatasi, nikaanza kuuliza swali hilohilo kwa kila shoti: kipi kinabaki? Kamera haikubadilika, basi kazi ya kufuatilia mwendo wake inabaki. Askari na wapagazi waliokwisha kukatwa fremu kwa fremu, yaani picha moja moja, kutoka kwenye mandhari wanabaki. Kinachokwenda na maji ni mwendo wa umati, mwanga wake, na uunganishaji wa mwisho. Usiku huo niliandika barua kwa kila timu, nikitaja kwa jina la faili kitu cha kusimamisha na kitu cha kuendelea nacho. Ukimwambia msanii "subiri kwanza" bila kumweleza anasubiri nini, umemnyima usingizi na mshahara wa siku.

Halafu kukawa na suala la nyasi. Mtu akilala, anayeonekana si yeye. Ni nyasi zinazomficha, nazo zinatakiwa zilale, zitikisike na kufunguka anapoinuka. Agosti ni kiangazi. Nyasi za Lugalo wakati huo ni ndefu, kavu, za rangi ya shaba. Na kwa bahati tulikuwa bado kiangazi, moto wa kuchoma mapori haujafika sehemu ile. Alfajiri tukatoka na kamera kwa barabara ya Dar es Salaam, tukapiga picha za nyasi zikikanyagwa, zikiinamishwa, zikiachiwa. Kila mara msaidizi wangu alisimamisha mbele ya lenzi tufe la kijivu na lile linalong'aa kama kioo, ili watu wa mwanga wajue jua lilitoka upande gani, akaandika lenzi, kimo cha kamera na saa. Binti yule hakuruka mstari hata mmoja. Nilimpenda sana kwa hilo.

Pesa ndiyo ilikuwa ngumu zaidi. Mtayarishaji hakutaka kusikia gharama mpya, na alikuwa na haki yake. Nikamwonyesha kwamba nyasi tupu ni nafuu: shoti za mbali za mikuki kilimani zifutwe, fedha zake zote ziingie kwenye shoti moja ambayo wapiganaji wanainuka. Alisikitikia bango lake, kisha akakubali. Mwongozaji naye akataka ukimya urefuke kabla hawajainuka, sekunde mbili zaidi mwanzoni. Hapo desturi ya kuhesabu fremu ya kwanza kuwa 1001 ilituokoa, maana kwa fremu 24 za sekunde moja shoti ilirudi nyuma hadi fremu ya 953, na hakuna namba ya mtu yeyote iliyovurugika.

Fremu moja ya 4K, yaani yenye upana wa nukta zipatazo 4,000, isiyobanwa hufika takriban megabaiti 53, yaani sekunde moja inapita gigabaiti moja. Intaneti yetu isingeweza. Faili ndogo zilipita hewani. Picha za nyasi zilipanda basi kituo cha Igumbilo ndani ya diski, nakala nyingine ikibaki kabatini, zikashuka mlima Kitonga kuelekea Dar es Salaam.

Toleo jipya liliporudi, mzee aliitwa tena. Safari hii aliegemea kiti, na wapiganaji walipochomoka nyasini akapiga paja kwa kiganja. "Hapo sawa. Ila moshi umezidi, mwanangu. Bunduki zenyewe hazikupata nafasi ya kulia hivyo."

Nikaandika jina la shoti, namba ya toleo, maneno yake yote, nikamtumia mtu wa moshi kabla mzee hajamaliza chai.